Jasho la Mtambo

Jambo la kwanza analoliona mtu akikutana na Mama Robo ni kitambaa cha shingoni. Hata jua liwe kali la kulainisha lami, yeye hukizungusha mara mbili chini ya kidevu, akakishikiza kwa pini, na akiulizwa kama anaumwa hujibu kwa upole, "Siumwi, mwanangu. Nalinda chombo cha kazi." Chombo chenyewe ni koo lake. Maji ya baridi hayajapita hapo kwa miaka, pilipili haijapita, na wala hapigi kelele. Hata siku alipomkuta mwizi akianua nguo zake kwenye kamba, alimwita kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwita mhudumu alete hesabu.

Kampuni anayoifanyia kazi ni nyumba moja yenye milango mitatu. Mlango wa kwanza ni visima vinavyotoa mafuta ghafi kule nyikani, wa pili ni mtambo wa kuyasafisha ulioko pembeni mwa mji, na wa tatu ni vituo vya kuyauza, vilivyotapakaa kila barabara. Kila miezi mitatu ikitimia na hesabu kufungwa, wafanyakazi wa milango yote hukusanyika kwenye mabwalo yao ya chakula, kila mtu na kikombe chake, na vipaza sauti vya ukutani hukohoa. Kisha sauti ya Mama Robo hutoka. Visima vimetoa mapipa mangapi kwa siku, mtambo umesafisha kiasi gani, vituo vimeuza lita ngapi, bei ya dunia imepanda au imeshuka, na mwisho, baada ya kodi na madeni, kimebaki nini. Mchimbaji wa kisimani ambaye hajawahi kumtia machoni anaijua sauti hiyo kama anavyoijua ya shangazi yake. Kwa ajili ya robo hizo za mwaka watu walimwita Mama Robo, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye kadi ya benki.

Kusoma ilikuwa nusu tu ya kazi. Taarifa hushuka kutoka ghorofa ya juu ikiwa imejaa maneno ya wahasibu, naye ndiye aliyeigeuza iwe Kiswahili ambacho dereva wa lori angekielewa huku anatafuna. Alijivunia usahihi wake. Miaka yote hiyo hakuna aliyemsahihisha hata sifuri moja. Kulikuwa na tarakimu moja tu iliyomshinda, na si kuihesabu bali kuitaja. Mtambo hununua mafuta ghafi kutoka visimani kwa bei ya dunia, ingawa ni ndugu wa tumbo moja, kisha huyasafisha na kuyauza kwa vituo. Kinachobaki baada ya kuyalipia yale ghafi ndicho pato la mtambo. Mama Robo alikiita "tofauti kati ya thamani ya mafuta yaliyosafishwa na gharama ya mafuta ghafi yaliyotumika kuyapata." Ilikuwa sahihi. Lakini ilikuwa ndefu kama foleni ya zahanati, na kila alipoifikia, watu mabwaloni waliinuka kwenda kuongeza chai.

Neno lililokuja kumharibia usingizi lililetwa na wifi yake.

Wifi huyu alikuwa kitinda mimba wa upande wa mumewe. Alikuwa amemaliza chuo, cheti anacho, kazi hana. Mama Robo mwenyewe alimtandikia chumba cha uani, akampigia pasi gauni la usaili, akamfikisha mbele ya mkuu wa kitengo chao, mzee mmoja mwembamba waliyemwita Mzee Koma kwa kuwa hakuna karatasi iliyotoka mezani kwake bila kuongezwa koma. "Ni wifi yangu," alimwambia, "na kichwani zimo." Baadaye aliikumbuka sentensi hiyo kama mkulima anavyoikumbuka siku aliyowaonyesha nyani njia ya shambani.

Hata mwezi haujaisha tangu aajiriwe, wifi akiwa anaipitia taarifa ya robo, alifika kwenye ile tofauti kati ya thamani na gharama, akaangua kicheko.

"Wifi, hii ni sentensi au treni?"

"Ni sahihi," alisema Mama Robo.

"Sahihi, nani kakataa? Lakini mtu akiipanda kijana anashuka na mvi."

"Basi itaje wewe."

Wifi aliuma ncha ya kalamu. "Si tuseme tu jasho la mtambo? Visima vina mafuta ya bure ya ardhini. Mtambo haukupewa cha bure, unanunua kama mimi na wewe. Kinachobaki ni jasho lake."

Mzee Koma alikuwa anapita na kikombe. Akasimama, akavua miwani. "Jasho la mtambo," alirudia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. Akaivaa miwani, akaendelea na safari yake. Hakuongeza koma.

Robo hiyo Mama Robo alilisoma neno hilo kwa koo lake mwenyewe: "Jasho la mtambo limepanda kuliko robo iliyopita." Wiki haikupita, neno likawa limeshika njia zote. Mhudumu wa pampu kwenye kituo cha jirani alimwambia dereva wa teksi, "Lipa, bwana, hili ni jasho la mtambo." Kule visimani walianza kuwatania wenzao wa mtambo kwenye simu, "Vipi, mmeshajifuta?" Na nyumbani, mezani, mume wake alilitamka huku anavunja mkate. Mume huyo ni mchomeleaji wa huko huko mtamboni. Majirani humwita Fundi, na mkewe pia humwita hivyo.

"Unajua, ile sentensi yako ya zamani ilikuwa nzuri," alisema Fundi. "Lakini hii ni tamu."

"Mimi ndiye niliyeisoma."

"Na ulisoma vizuri, mke wangu. Kwani kaitunga nani?"

Wifi aliinamisha macho kwenye sahani. Unyenyekevu ule ulimchoma Mama Robo kuliko kama angeringa.

Kijiba cha roho hakianzi kikubwa. Huanza kama punje ya mchanga kwenye kiatu, ukidhani utaitoa ukifika. Mama Robo alianza kuona vitu ambavyo zamani hakuviona: kwamba wifi akicheka ofisini watu hugeuza viti, kwamba Mzee Koma humwita "binti" na yeye humwita "mama," kwamba hata mlinzi wa getini humfungulia wifi kabla hajafika. Naye akaamua kutunga. Usiku na mchana alichemsha maneno kichwani. Robo iliyofuata, mauzo ya vituo hakuyaita mauzo; aliyaita "kinywa cha barabara." Alilisoma kwa madaha, akatua kidogo ili watu walipokee. Hakuna aliyelipokea. Karani mmoja wa bohari alipiga simu kuuliza ni barabara gani hiyo imefungwa.

Ilikuwa siku hiyo hiyo, kabla hajapoa, Mzee Koma alipomwita.

"Robo ijayo asome wifi yako," alisema. "Upumzishe koo."

"Koo langu halijachoka, mzee."

"Sijasema limechoka. Nimesema lipumzike." Akapanga karatasi zake. "Akifanya vizuri, basi, tutaona habari ya kiti."

Kiti kile kilikuwa cha mbao, mto wake umechanika upande mmoja, kimewekwa mbele ya kinasa sauti kwenye chumba kidogo chenye ukuta wa kioo. Mama Robo alikuwa amekikalia tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote. Kwa mtu mwingine kilikuwa kiti tu. Kwake, nje ya kile kiti, yeye alikuwa mwanamke mmoja wa makamo aliyefunga kitambaa shingoni bila sababu.

Robo hiyo ndipo mtambo ulipozimwa kwa ukarabati mkubwa. Wiki baada ya wiki moto ulikuwa umezimwa, mnara wa kuchemshia umefunguliwa tumbo, na mafundi wanaingia kwa zamu ndani yake kukwangua, kukata na kuchomelea. Fundi alirudi nyumbani amebabuka kope. Siku moja alisinzia mezani akiwa ameshika kijiko, na mkewe akamtoa kijiko mkononi taratibu kama anavyonyang'anywa mtoto. Mashati yake yalikuwa yanasimama yenyewe kwa chumvi. Mama Robo aliyafua yote kwa mikono yake, maana mashine ilikataa.

Hesabu zilipofungwa, hazikuwa na fumbo. Visima vilikuwa vimetoa mapipa mengi kuliko robo iliyotangulia. Vituo viliuza vizuri, ingawa vililazimika kununua mafuta kwa wengine wakati mtambo wa nyumbani umelala. Mtambo wenyewe haukusafisha kitu, lakini mishahara na vipuri havikungoja, kwa hiyo pato lake lilikuwa chini ya sifuri. Faida ya kampuni nzima ilipungua kidogo, na ghorofa ya juu haikushangaa. Visima na vituo vilikuwa vimeubeba mtambo, kama mtambo ulivyowahi kuvibeba visima mwaka ule bei ya dunia ilipoporomoka. Ndiyo faida ya nyumba kuwa na milango mitatu.

Kitengoni mwao kuna kanuni: hakuna kinachosomwa kabla mtu wa pili hajakipitia kwa kalamu nyekundu. Rasimu ya wifi ikatua mezani kwa Mama Robo. Aliipitia kama kawaida yake, ncha ya kalamu ikitembea chini ya mstari. Mapipa, sawa. Lita, sawa. Kodi, sawa. Ncha ilipofika katikati ya ukurasa wa pili ikasimama.

*Robo hii, ndugu zangu, mtambo haukuwa na jasho hata tone.*

Kimahesabu ilikuwa kweli tupu. Jasho la mtambo ni pato la mtambo, na pato halikuwapo. Mtu wa ghorofa ya juu angeisoma akaitikia kwa kichwa. Lakini Mama Robo aliyaona yale mashati kwenye kamba. Aliona bwalo la mtambo limejaa watu waliobabuka kope, vikombe mkononi, wanaambiwa kupitia ukutani kwamba hawakutoka jasho hata tone.

Neno moja tu la kalamu nyekundu lingetosha. Badilisha hapa, wifi. Aliishika kalamu. Akasikia moyoni mwake sauti ndogo, nyororo, iliyozoea kusoma hesabu, ikimwambia: si umeambiwa upumzike? Akaandika chini, "Nimepitia," akafunika kalamu, akairudisha rasimu haina hata nukta.

Wifi aliipokea, akaigeuza mbele na nyuma. "Hakuna kitu, wifi?"

"Hakuna."

"Kweli kabisa?"

"Kwani nimekwambia nini? Kasome."

Wifi akamkumbatia pale pale mbele ya watu, akamkaza, macho yanamng'aa. Mama Robo alisimama kama nguzo. Akajisemea, ndiyo, shangilia. Aliye juu mngoje chini.

Siku ya kusoma alikaa nje ya kioo, kwenye benchi la wageni, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi. Wifi alisoma kwa sauti changa yenye kicheko ndani yake, sauti inayofanya tarakimu zionekane kama habari za harusi. Alipofika ukurasa wa pili, Mama Robo alitazama viatu vyake. "Robo hii, ndugu zangu, mtambo haukuwa na jasho hata tone. Visima ndivyo vilivyotoka jasho, na vituo vikatubeba mgongoni…"

Simu ya mezani ililia kabla sentensi ya pili haijatua. Mama Robo akaipokea.

"Nani huyo anasoma?" Ilikuwa sauti ya msimamizi wa zamu wa mtambo, na nyuma yake vikombe vya bati vilikuwa vinagongwa mezani kama mvua ya mawe. "Hata tone? Tone gani? Mwambie aje hapa nimkamulie shati langu tujaze pipa! Watu wameacha ngozi ndani ya mnara ule!"

"Nitamwambia," alisema Mama Robo kwa sauti yake ya robo zote.

"Mwambie tumesikia!"

Na hapo, akiwa ameshika simu, kitu kama utamu wa sukari kilimpita kooni. Kilipita upesi. Nyuma yake kikabaki kichungu.

Jioni Fundi alirudi, akanawa, akakaa. Mlango wa chumba cha uani ulikuwa umefungwa. Alikula mpaka katikati ya sahani.

"Hata tone," alisema hatimaye, si kwa hasira. "Yule ni mtoto, hajui. Lakini wewe umeyafua yale mashati. Nilikuwa nanukia nini, manukato?"

"Sikusoma mimi, Fundi."

"Najua hukusoma. Nauliza, huko kwenu hakuna mtu wa kupitia?"

"Yupo."

Fundi alimtazama kwa namna anavyotazama kiungo cha bomba, akitafuta ufa ulipo. Akauona, kwa sababu alirudisha macho kwenye sahani, na hakuuliza tena.

Mama Robo alitegemea kwamba baada ya hapo mambo yangerudi mahali pake. Wifi angesukumwa kwenye meza ya mafaili, kiti kingerudi kwa mwenyewe, na neno lile lingekufa. Neno kweli lilikufa. Hata visimani waliacha utani. Lakini wiki ile ile msimamizi wa zamu alikuja mwenyewe ofisini, pande la mtu, kofia mkononi, akajaza mlango wa Mzee Koma.

"Tumekaa, mzee, tumekubaliana," alisema. "Robo ijayo isomwe kule kule bwaloni kwetu. Na asome yule yule."

"Yule aliyewatukana?" aliuliza Mzee Koma.

"Yule yule. Tumemkasirikia. Sasa mtu ukimkasirikia si unataka kumwona uso? Na kama ni kumsamehe, tumsamehe akiwa mbele yetu. Hatuwezi kusamehe ukuta." Akageuka, akamwona mwanamke aliyekaa pembeni na rasimu zake. "Shikamoo, mama. Samahani, sijakusalimu. Wewe ni nani vile?"

"Marahaba."

Uso wa yule bwana ukafunguka. "Alaa! Kumbe ndiye wewe! Sauti hii tunaijua, mama yangu. Sauti tulivu. Mimi nikiwa nimetoka zamu ya usiku, ukianza tu kusoma, nalala palepale kwenye meza. Mungu akuweke."

Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Mama Robo akashukuru. Kisha akaenda msalani, akafungua bomba, akajitazama kwenye kioo maji yakikimbia bure. Robo zote zile! Bei imepanda, imeshuka, watu wamepunguzwa kazi, visima vimekauka, yeye amesoma, na hakuna aliyewahi kumgongea kikombe. Hakuna aliyewahi kumkasirikia. Alikuwa amemwonea wifi kijicho kwa neno, kwa kicheko, kwa kiti. Sasa, kama mtu aliyepagawa, alimwonea kijicho kwa matusi aliyopigiwa.

Alipotoka Mzee Koma alikuwa anamngoja kwenye korido.

"Rasimu ile ilipita mezani kwako wala sikuulizi kitu," alisema, na kwa mara ya kwanza sentensi yake haikuwa na mapumziko. "Kiti ni chako. Wewe ndiye utakayeamua. Unaweza kusoma zote hapa kama siku zote, nami nitawajibu mtambo kwamba haiwezekani. Au utamwachia sehemu ya mtambo, tuhamishe kinasa sauti, akasome kule. Nijibu Jumatatu."

Mama Robo alikuwa na jibu tayari, na lilikuwa hapana, kinasa sauti kibaki kilipo. Alikwenda nalo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo Jumamosi asubuhi. Alimkuta wifi uani ameinamia beseni, anafua, povu limempanda hadi viwikoni. Alikuwa amepungua. Tangu siku ile alikuwa anakula kwa kuchokoa na kumwamkia kaka yake bila kumtazama.

"Sogea nisuuze," alisema Mama Robo.

Wakafua pamoja. Kisha wifi akasema, akilikamua shati, "Nilijua kuna kitu."

"Kitu gani?"

"Ile rasimu. Ilirudi safi. Wewe, wifi, ambaye kadi niliyokuandikia siku yako ya kuzaliwa ulinirudishia imepigwa kalamu!" Akacheka kidogo, kicheko kikakatika. "Ukurasa mzima hauna alama. Nikasema, ama hakuisoma, ama… Wewe husomi nusu. Kwa hiyo nikaona ni ile nyingine."

Mama Robo alisikia maji ya beseni yamekuwa ya baridi ghafla. "Ipi nyingine?"

"Kwamba leo nimeweza. Kwamba umenikubali." Wifi alilikunjua shati, akalining'iniza kwenye kamba bila kugeuka. "Nilifurahi, wifi. Nilimpigia rafiki yangu simu nikamwambia, leo Mama Robo hakunigusa. Hata nilipokuwa nasoma, sikuwa nawasomea wao. Nilikuwa nakusomea wewe pale kwenye benchi."

Lile kumbatio, basi, halikuwa la mshindi.

Kuna maneno ambayo Mama Robo angeweza kuyasema, na yote alikuwa nayo, maana maneno ndiyo kazi yake. Alisema, "Niliona. Neno lile nililiona."

"Najua," alisema wifi. "Sasa najua."

"Nilikuwa na kalamu mkononi."

"Wifi, shati uliloshika linachuruzika maji, likamue vizuri."

Mama Robo akalikamua. Jumatatu alimwambia Mzee Koma wahamishe kinasa sauti.

Msomaji asidhani kwamba kijiba kilimtoka siku hiyo. Kilikuwepo, kimekaa pale pale, ila sasa alikuwa anakijua kwa jina, na mtu anayemjua mgeni wake kwa jina anaweza angalau kumwambia akae upande.

Robo mpya ilikuja na kichekesho chake. Mtambo uliwaka, ukasafisha karibu kiasi chote unachoweza kubeba, haukuzima hata siku moja. Lakini bei ya mafuta ghafi duniani ilipaa. Visima vikavuna bila kuongeza pipa, na mtambo, unaonunua kwa visima, ukabaki na kiduchu. Kwa robo ya pili mfululizo watu walewale walikuwa wamefanya kazi kama punda, na kwa robo ya pili tarakimu yao haikuionyesha.

"Nitafutie neno," wifi alimwomba. "Jasho silitaki tena. Na treni yako, nisamehe, siipandi. Mimi sasa naogopa maneno."

Mama Robo alitafuta. Alitafuta kwenye basi, akatafuta kwenye foleni ya benki. Akatunga saba, akayafuta yote, maana kila moja lilikuwa lina harufu ya "kinywa cha barabara." Halafu jioni moja Fundi, ambaye alikuwa ameanza tena kuongea mezani, akawa anawasimulia mambo ya ukarabati.

"Mnadhani mnara ule ndani ukoje? Sufuria tu, kubwa. Mafuta yanachemka, yanapanda juu, chini kunashika. Kulikuwa na ukoko humo! Mgumu huo, tumekwangua mpaka patasi zikaisha meno."

"Umesema nini?" aliuliza mkewe.

"Patasi zikaisha meno."

"Kabla ya hapo."

"Ukoko."

Mama Robo aliweka kijiko chini. Ukoko, kile kinachobaki chini ya sufuria baada ya wote kupakuliwa. Kuna siku ni mnene, kuna siku hakuna hata wa kulamba, na hakuna anayemlaumu mpishi. Waliopika sana wanaweza kupata mwembamba, kama unga ulikuwa ghali. Na wale watu walikuwa wameukwangua kwa mikono yao. Ukoko wa mtambo! Alilijaribu kimoyomoyo kwa sauti yake ya kazi, likakaa sawasawa. Mwili ukamsisimka kama wa msichana.

Kisha hofu ikamwingia. Ukoko pia ni masalio. Ni kile anachoachiwa aliyechelewa. Mtu mwenye donge anaweza kulisikia hivyo: wenye visima wamekula nyama, sisi mmetuachia ukoko.

Alimwambia wifi yote mawili. Wifi alifikiri, akasema, "Nitalisoma."

Na sasa wapo bwaloni mwa mtambo. Meza zimesukumwa nyuma, madirisha yamefunguliwa kwa sababu ya joto, na waliokosa viti wamekaa juu ya masinki. Mzee Koma amesimama karibu na mlango, pengine ili awahi kutoka. Fundi yuko safu ya tatu, mikono ameikunja kifuani. Mbele kabisa amekaa msimamizi wa zamu, na hakuna hata mmoja anayetabasamu. Mama Robo tayari amesoma habari za visima, na kwa mara ya kwanza ameona nyuso za watu wakiisikiliza sauti yake. Kweli, wawili walianza kupiga miayo. Amemaliza, amesogea kando ya kinasa sauti, na wifi amesimama kushika zamu.

"Niseme ni neno la nani?" wifi alimnong'oneza walipopishana.

"Usiseme."

"Wakilipenda je?"

Mama Robo aliuma mdomo. Ilimgharimu. "Usiseme."

"Na wakilichukia?"

"Hapo sema ni langu," alisema Mama Robo upesi. "Nitaje kwa jina. Waonyeshe nilipokaa."

Sasa amekaa kwenye ukingo wa benchi la safu ya tatu, goti lake linagusa la mumewe. Wifi ameshasoma kiasi kilichosafishwa, na bwalo linangoja kinachofuata. Anainua uso kutoka kwenye karatasi. Anavuta pumzi, na Mama Robo, bila kujua, anavuta naye.